Meza, Kazi na Kaburi: Ukarimu wa Wamoravian kutoka Herrnhut hadi Rungwe

Mwaka 1722 wakimbizi wachache kutoka Moravia, warithi wa kanisa la Ndugu lililochipuka kutokana na mafundisho ya mwanamageuzi wa dini Jan Hus, waliruhusiwa kujenga katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf huko Sachsen, Ujerumani, na kijiji chao wakakiita Herrnhut. Miaka ya mwanzo ilijaa ugomvi wa kimadhehebu, jambo ambalo masimulizi ya kanisa hupenda kulipita haraka, hadi tarehe 13 Agosti 1727, waumini walipopatana wakati wa Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf. Baada ya ibada makundi kadhaa yaliendelea kuzungumza majumbani, naye Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka jikoni kwake ili wasitawanyike. Hapo ndipo ilipoanzia karamu ya upendo, yaani mlo mwepesi unaoliwa pamoja kwa nyimbo na sala bila kuhesabiwa kuwa sakramenti.

Waumini walipangwa katika kwaya, maana yake kwao makundi ya watu wa rika, jinsia na hali moja ya ndoa, na wanawake wote, wa ukoo bora kwa wa kawaida, walivaa kofia za namna moja zilizotofautishwa kwa rangi ya utepe tu: waridi kwa wasioolewa, buluu kwa walioolewa, nyeupe kwa wajane. Makaburini mawe yalilazwa chini, sawa kwa wote, ingawa ukoo wa Zinzendorf ulijengewa makaburi makubwa katikati, na kasoro hiyo inaonekana hadi leo.

Jaribio kubwa zaidi la maisha haya ya pamoja lilifanyika Bethlehem, Pennsylvania, kati ya 1742 na 1762. Wakazi hawakunyang'anywa mali zao, bali walitoa nguvu zao bila ujira katika mashamba na karakana za ufundi wa aina zaidi ya 30, wakapewa chakula, mavazi, malazi na malezi ya watoto, na ziada ikagharimia wamisionari. Mpango huo ulivunjwa baada ya kifo cha Zinzendorf mwaka 1760, kanisa lilipolemewa na madeni na familia zilipotaka kuishi chini ya paa zao. Upendo wa jumuiya hiyo nao ulikuwa na mpaka wa aibu: huko Bethlehem na katika mashamba ya misheni kisiwani St. Thomas, Wamoravian walimiliki watumwa, hata wale waliowaita ndugu katika Kristo.

Mwaka 1891 mmisionari Mmoravian Theodor Meyer na wenzake walianzisha kituo Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa Wanyakyusa, watu ambao, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Monica Wilson katika kitabu chake cha 1951, walikuwa na vijiji vya marika: vijana waliondoka kwa wazazi, wakajenga pamoja, wakala pamoja, na wakathamini ukwangala, yaani raha ya kuwa na wenzao. Kwa hiyo kula pamoja kwa rika hakukuwa jambo geni kwao. Lililokuwa gumu zaidi ni kukusanyika kanisani kwa watu wa kila hali, kwa kuwa mila ilimkataza mke kabisa kukutana na baba mkwe wake.