Lishe ya Samaki wa Tangi la Maji Chumvi

Lishe ya samaki wa tangi la maji chumvi ni vyakula anavyopewa samaki wa baharini aliyefugwa ndani ya kioo, pamoja na namna na nyakati za kumpa. Mwambani samaki hushinda akidonoa: kipande cha mwani hapa, uduvi pale, mayai ya samaki mwenzake, ukoga wa juu ya jiwe. Tangini hupata anachotupiwa, tena mtu akikumbuka. Ndiyo maana samaki wa aina hii huweza kufa njaa na tumbo limejaa: alikula kila siku, ila alichokula hakikuwa na kitu.

Ufugaji wa viumbe wa baharini katika vioo ulishika kasi Uingereza miaka ya 1850. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu The Aquarium, kilicholieneza neno hilo. Siku hizi baadhi ya samaki wa matangi ya Ulaya na Marekani hutoka pwani ya Afrika Mashariki. Kenya husafirisha nje samaki hai wa mapambo wanaokamatwa na wapiga mbizi. Kangaja wa buluu mwenye koo jeupe (Acanthurus leucosternon) anapatikana pwani hii, sawa na Amphiprion allardi, ndugu wa yule samaki wa mistari myeupe aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Mvuvi wa Shimoni au Nungwi huwajua samaki hawa kwa makazi yao. Mfugaji wa Berlin huwajua kwa bei.

Kinywa kwanza, kopo baadaye

Makopo mengi ya chakula huandikwa kwamba yanafaa samaki wote wa baharini. Hakuna chakula cha namna hiyo. Kabla ya kusoma kopo, mtazame samaki kinywani.

Midomo ya kangaja ni midogo, na meno yake yamepangwa safu kama kitana. Kazi yake ni kukwangua na kukata mwani. Utumbo wake ni mrefu, umejikunja mara nyingi, kwa kuwa mwani haumeng'enywi upesi. Katika utumbo wa kangaja wa kahawia (Acanthurus nigrofuscus) wa Bahari ya Shamu ndimo mwaka 1985 walimotambuliwa viumbe wa seli moja waliopewa jina la Epulopiscium fishelsoni. Mwaka 1993 ndipo ilipothibitika kuwa ni bakteria, nao ni wakubwa kiasi kwamba jicho kali huwaona bila hadubini. Samaki anayebeba jeshi kama hilo tumboni hakuumbiwa kuishi kwa kamba asubuhi na jioni. Tasi naye ni wa kundi hili la walao mwani, na wakulima wa mwani wa Unguja hawahitaji kuelezwa: zao lililoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, samaki walao mwani hulitafuna likiwa bado kwenye kamba zake.

Chakula rahisi cha kangaja tangini ni nori, yaani mwani mkavu wa karatasi ambao Wajapani hufungia wali, mradi usiwe umetiwa chumvi, mafuta wala viungo. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, ukibane kwenye kioo kwa kibanio cha plastiki au cha sumaku. Kibanio cha nguo chenye springi ya chuma hakifai, maana chuma hushika kutu mara moja katika maji chumvi. Siku ya kwanza huenda samaki asikiguse kabisa. Siku ya pili atapita kando akikikodolea jicho moja. Akishaonja, basi, utamkuta anakusubiri kwenye kona ileile. Saladi na mchicha uliochemshwa kidogo huziba pengo wiki moja, lakini si badala ya mwani, kwa sababu majani ya nchi kavu hayana iodini wala mafuta ya bahari ya kumtosha.

Walao nyama ni habari nyingine. Samaki simba, mwenye mapezi ya miba yenye sumu, ana kinywa kipana cha kumeza windo zima, na mkubwa wao hutosheka na mlo mara 2 au 3 kwa wiki. Taabu yake ni kwamba hatambui chakula kisichotikisika. Dawa ni kuchomeka kipande cha kamba kwenye kijiti cha plastiki na kukichezesha mbele yake mpaka akidake. Baada ya majaribio kadhaa hukifuata kijiti chenyewe. Wako wanaokwepa kazi hiyo kwa kumtupia samaki wadogo wa dhahabu wa maji baridi, wakiwa hai. Hilo ni kosa. Samaki wa dhahabu ana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, kinachoharibu vitamini B1, na mafuta yake siyo ambayo mwili wa samaki wa baharini unayataka. Mlo huo ukiendelea, ini la samaki simba hujaa mafuta.

Bunju meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima apate kome, konokono na kaa wenye magamba ya kuyasaga. Akilishwa vilaini tu, meno hurefuka hadi ashindwe kufumbua kinywa vizuri. Farasi wa bahari hana meno wala mfuko wa tumbo. Chakula hupita mwilini mwake upesi, naye hutaka kula mara kadhaa kwa siku. Vivyo hivyo wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa (Pseudanthias squamipinnis) wanaocheza makundi kwa makundi juu ya matumbawe: wao hudaka planktoni inayopita na maji, na mlo mmoja kwa siku huwakondesha.

Mwili unadai nini

Samaki wengi wa baharini hawawezi kujitengenezea vya kutosha zile asidi ndefu za mafuta za omega-3, yaani EPA na DHA. Baharini huzipata tayari, kwa kuwa zimeanzia katika mwani mdogo usioonekana na kupanda hadi kwa uduvi na samaki. Nyama ya ng'ombe na kuku haina asidi hizo kwa kiasi cha kutosha, na mafuta ya mnyama wa nchi kavu huganda katika joto la maji ya tangi, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Moyo wa ng'ombe, uliotumika sana zamani kwa samaki wa maji baridi, hauna kazi hapa.

Rangi nayo huliwa. Samaki hawezi kujiundia karotenoidi, zile kemikali zenye rangi ya njano hadi nyekundu. Huzitoa kwa kamba, krili na mwani. Mwekundu aliyepauka baada ya miezi michache hajazeeka, amekosa mlo wake. Vitamini C pia lazima itoke chakulani, na upungufu wake unatajwa miongoni mwa visababishi vya ugonjwa wa vidonda vinavyochimba kichwani na ubavuni mwa kangaja na kitatange, ingawa vumbi la mkaa wa kuchujia maji nalo limehusishwa. Iodini ikipungua, samaki hupata rovu kama binadamu. Papa wa akwaria za umma wanajulikana kwa ugonjwa huo.

Artemia: sifa na udhaifu wake

Ni vyakula vichache vilivyolisha samaki wengi wa tangini kama artemia, kamba mdogo anayeishi katika maji ya chumvi kali ambamo samaki hawezi kumfuata. Mayai yake makavu hukaa koponi miaka, kisha hufufuka yakiingia majini. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mayai ya biashara imetoka katika Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, Marekani. Pwani ya Kenya pia anapatikana: alipandikizwa miaka ya 1980 katika mabwawa ya viwanda vya chumvi kaskazini mwa Malindi, akazaliana.

Kumtotoa hakuhitaji maabara. Chupa ya soda ya lita 1 hukatwa kitako na kupinduliwa mdomo chini, kizibo kikiwa kimekazwa. Hutiwa maji yenye gramu 25 hadi 35 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai, na mpira wa hewa unaofika chini kabisa ili mayai yasitulie. Maji yakikaa nyuzi 26 hadi 28, na taa ikiwaka kando, baada ya saa 24 hivi chupa hugeuka rangi ya chungwa. Funga hewa, shusha taa iangaze sehemu ya chini ya chupa, subiri dakika 10. Maganda huelea juu, vitoto hukusanyika chini vikifuata mwanga. Vivute kwa mpira mwembamba, vichuje kwa kitambaa cha nyuzi za karibu, visuuze, uvipeleke tangini. Maganda yasiingie: samaki mdogo akiyameza huweza kuziba utumbo.

Udhaifu ni huu. Kitoto kipya cha artemia kimebeba kiini chenye mafuta, lakini hukitumia chenyewe kadiri saa zinavyopita. Cha jana ni kikubwa kuliko cha leo, na thamani yake ni ndogo zaidi. Artemia mzima wa dukani, aliyegandishwa bila kulishwa, karibu ni maji matupu. Samaki humpenda, humkimbilia, na mwenye tangi hufurahi. Huu ndio mlo unaowadanganya wengi. Tiba ni kuwalisha artemia wenyewe kwanza, kwa saa 12 hadi 24, mwani mdogo au mchanganyiko wa mafuta ya samaki, ili samaki apate kilichomo tumboni mwao. Misidi, uduvi wa jamii nyingine, wana protini na mafuta zaidi hata bila kazi hiyo, na ukiweza kununua kimoja tu kati ya viwili, nunua misidi.

Vya sokoni na vya kopo

Anayeishi karibu na soko la samaki amebahatika. Kamba, ngisi, kome na mnofu mweupe wa samaki wa baharini, vikiwa vibichi na bila chumvi wala ndimu, ni chakula kizuri kuliko makopo mengi. Vikatwe vidogo kuliko jicho la samaki atakayekula, vichanganywe na nori iliyolowekwa na matone ya vitamini, vitiwe katika mfuko wa plastiki na kulazwa bapa kwenye friza kama chapati. Kila siku unavunja kipande. Usitumie aina moja tu kwa miezi, maana baadhi ya kome na samaki wa jamii ya dagaa nao wana thiaminasi. Ikichanganywa na vingine, madhara hupungua. Kilichoyeyuka kisigandishwe tena.

Vipande vilivyogandishwa vya dukani huyeyushwa katika kikombe cha maji ya tangi, humwagwa juu ya kichujio cha chai, na yale maji machafu hutupwa, kwa kuwa yamejaa fosfati inayolisha ukoga. Chembe kavu nzuri ni zile ambazo orodha yake huanza na samaki, krili au mwani, si ngano. Nunua kopo dogo: vitamini C hupotea tangu siku ya kufunguliwa, na kopo la nusu mwaka juu ya tangi lenye taa ya moto halina tofauti na makapi. Kitunguu saumu wanachokisifu wengi huweza kuamsha hamu ya kula. Kwamba kinaponya ugonjwa wa vidoa vyeupe, hilo halijathibitishwa.

Wasiolisheka

Wapo samaki ambao hakuna mlo wa tangini unaowafaa, na kuwauza kwa mfugaji wa kawaida ni kuwaua polepole. Chaetodon trifascialis na Chaetodon meyeri, vitatange wa matumbawe, hula matumbawe hai na karibu hawagusi kingine. Msafishaji (Labroides dimidiatus) hutegemea vimelea na ute wa miili ya samaki wengine. Synchiropus splendidus, mrembo kuliko wote, hudonoa kopepodi, viumbe wadogo wa majini, mmoja mmoja kutoka kwenye mawe, na tangi jipya humwisha akiba katika wiki chache. Ndugu wa vitatange hao, Chaetodon auriga, hana matata. Hujifunza kula kome kwenye gamba lake na akakaa miaka.

Kipimo

Kiasi kinachofaa ni kile kinachomalizwa ndani ya dakika 2 au 3. Masalio huoza na kutoa amonia, kisha nitriti na nitrati, na tangi dogo haliwezi kuyameza hayo kama bahari. Walao mchanganyiko hulishwa kidogo mara 2 kwa siku, na wakubwa wao hawadhuriki wakifunga siku moja kwa wiki. Farasi wa bahari, wala planktoni na vitoto hawafungishwi. Mwenye safari asimwachie jirani kopo, maana jirani mwenye huruma humwaga nusu yake siku ya kwanza. Apime vipimo vya kila siku, avifunge katika karatasi, aandike tarehe.

Dalili ya njaa ya muda mrefu haionekani tumboni bali nyuma ya kichwa, juu kidogo ya macho: nyama ikibonyea hapo na mgongo ukawa mkali kama kisu, samaki amekwisha kula misuli yake mwenyewe, na wengi wa kiwango hicho hawarudi. Kwa hiyo mtazame hapo kabla ya kulipa, kisha mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asipokula, mwache dukani.