Nguruwe Bila Tufaha

Tangu Mkanada John Williamson alipoivumbua almasi ya Mwadui mwaka 1940, hata mgodi wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, ukafufuliwa mwaka 2000, nchi ya Wasukuma, ambao fahari yao ya kale ni ng'ombe, imepokea wageni wa kila dini na kila maakuli. Nguruwe naye, aliye haramu kwa Waislamu, akajipatia wapenzi kwa lakabu ya kitimoto, akikaangwa na kuandaliwa kwa ndizi, kachumbari na limau. Tufaha, ambalo Waingereza hulipika pamoja na nyama hiyo, halikufuatana naye, wala sidhani walaji wamelijutia, maana uchachu wa limau huukata mafuta vilevile.