Ndani ya buti

Sisi wa hapa boda tunalijua buti la gari. Linavusha sukari, linavusha mitumba, na siku nyingine linavusha mtu. Mwaka 1977 lilimvusha kijana mmoja wa Uganda kuingia Kenya: Geoffrey Oryema, mzaliwa wa Soroti, mpiga lukeme na nanga.

Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri wa Idi Amin. Mwezi Februari mwaka huohuo aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake, Charles Oboth-Ofumbi, ambaye kwao ni hapahapa Tororo. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Mpaka leo ukimtajia mzee wa Tororo hiyo ajali, anakuangalia tu.

Kutoka Kenya kijana akafika Ufaransa. Mwaka 1990 akatoa albamu yake, jina lake Exile, yaani uhamishoni. Lebo ni Real World ya Peter Gabriel, na prodyuza ni Brian Eno, wote watu wa roki ya Uingereza. Basi ungetegemea magitaa ya kelele. Wapi! Ni sauti yake, nyuzi chache, na Kiacholi kingi. Ulaya waliipenda. Wimbo wa Ye Ye Ye ukawa wa kufungulia kipindi cha usiku cha televisheni ya Ufaransa, Le Cercle de minuit, kwa hiyo Mfaransa aliyekosa usingizi aliujua kabla ya jirani zake Oryema kule Soroti.

Albamu hii husifiwa kwa utulivu. Mimi hilo neno linanikwaza. Tulipokimbia kwetu tulilala chini ya turubai la lori, na mama alimziba mdogo wangu mdomo kwa kitenge mpaka tukapita kizuizi. Mtoto alikuwa kimya kweli. Nani angesema ametulia? Aliye ndani ya buti hakohoi, na nikimsikiliza Oryema nasikia mtu ambaye bado anabana kikohozi.

Humo kuna wimbo unaitwa Land of Anaka, nchi ya ukoo wake kule Acholi. Mwaka jana pale Malaba, foleni ya malori ikiwa haisogei, niliufungulia kwenye simu nikiwa na utingo mmoja Mwacholi. Kumbe kwao ni Anaka! Lakini yeye Anaka aliyokulia ni kambi. Wakati Wazungu wanaipigia makofi nchi hiyo ya wimbo, vita vya Kony vilikuwa vinawatoa watu vijijini na kuwajaza kambini, humohumo ndani ya nchi yao. Hakuwahi kuusikia wimbo huo hata siku moja.

Akauliza, "Kaka, huyu jamaa aliondoka lini?" Nikamwambia 1977. "Na alirudi?" Nikamwambia alirudi kuimba Kampala mwishoni mwa 2016, karibu miaka 40 baadaye, na Juni 2018 akafia Ufaransa.

Hakusema kitu. Foleni ikaanza kusogea, dereva akapiga honi, yeye akapanda ngazi ya lori huku simu yangu bado iko mkononi mwake. Ikabidi nitembee kando ya gurudumu mpaka wimbo uishe.