Katiba na Mahabusu wa Shinyanga

Leo tunasoma neno katiba, yaani sheria iliyo mama wa sheria zote.

Mwaka 1976 watu wengi walikamatwa Shinyanga na Mwanza (Geita wakati ule ilikuwa ndani ya Mwanza) kwa kushukiwa mauaji. Waliteswa, na baadhi wakafa mahabusu. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, ingawa yeye hakumpiga mtu. Alifanya vyema. Lakini raia je, angedai haki yake kwa kifungu kipi? Katiba ya wakati ule, na hata ile mpya ya Aprili 1977, ilitaja haki za raia katika utangulizi tu, na utangulizi haudaiwi mahakamani.

Mwaka 1984 haki hizo zikaingizwa katika ibara. Tangu 1988 waweza kuzidai mahakamani. Sasa fungua ibara ya 13, utafute neno “kuteswa”. Isome kwa sauti.