Burundi: Msaada wa Kimataifa kwa Ujenzi wa Amani

Msaada wa kimataifa kwa ujenzi wa amani nchini Burundi unajumuisha juhudi za kisiasa, kijeshi na kifedha za nchi jirani, Umoja wa Afrika, Umoja wa Mataifa na wafadhili katika kuinua nchi hiyo baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo vilizuka Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vinakadiriwa kuua watu 300,000.

Usuluhishi wa Arusha

Julius Nyerere alianza usuluhishi mwaka 1996 kwa mazungumzo ya Mwanza. Julai mwaka huo Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi, na nchi za ukanda zikaiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Mazungumzo mapya yalifunguliwa Arusha Juni 1998. Nyerere alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela alipokea kazi hiyo, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Tunda kubwa la Arusha ni mgawanyo wa madaraka, ulioingizwa katika katiba ya 2005: Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, Seneti nusu kwa nusu, viti vitatu vya Watwa katika kila chombo, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Katika jeshi hakuna kabila lililoruhusiwa kuzidi nusu. Kwa nchi ambayo jeshi lake lilikuwa limehodhiwa na Watutsi kwa miongo mingi, hayo yalikuwa mageuzi makubwa mno.

Kundi la waasi la CNDD-FDD halikusaini mkataba wa Arusha. Lilikubali kuweka silaha chini Novemba 2003. Kundi jingine la waasi, Palipehutu-FNL, lilifuata Septemba 2006, lakini utekelezaji ulisuasua hadi 2009.

Walinda amani

AMIB (2003), yenye askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, ilikuwa operesheni ya kwanza ya kulinda amani ya Umoja wa Afrika. ONUB ya Umoja wa Mataifa iliipokea Juni 2004 hadi mwisho wa 2006.

Fedha na ardhi

Mwaka 2006 Burundi na Sierra Leone zilikuwa nchi za kwanza kushughulikiwa na Tume ya Ujenzi wa Amani ya Umoja wa Mataifa. Mfuko wa Ujenzi wa Amani wa Umoja wa Mataifa uliitengea Burundi dola milioni 35. Sehemu ya fedha hizo ilikarabati kambi za jeshi, maana askari wengi walikuwa wakiishi mitaani katikati ya raia; nyingine ilijenga mahakama za mwanzo.

Suala la ardhi, lililowagusa wananchi wengi kuliko yote, kwa bahati mbaya lilipewa uzito mdogo. Wakimbizi wa mauaji ya 1972 waliorudi Rumonge kutoka Tanzania walikuta michikichi yao ikivunwa na familia nyingine, baadhi zikiwa na hati za serikali. Tume ya serikali ya migogoro ya ardhi mara nyingi iligawa shamba moja kwa pande mbili, na kesi nyingi zikafufuka.

Baada ya 2015

Muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza ulizusha machafuko na jaribio la mapinduzi Mei 2015. Maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji cha Kigoma, Tanzania, kisicho na barabara, ambako kipindupindu kiliua watu kabla meli ya MV Liemba haijamaliza kuwahamisha. Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali Machi 2016. Usuluhishi wa Benjamin Mkapa kwa niaba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haukuzaa mkataba. Umoja wa Ulaya uliondoa zuio lake Februari 2022, chini ya Rais Évariste Ndayishimiye.