Mtwara Ilipata Mchambuzi Kabla ya Stesheni

Januari 1992 Channel 4 ya Uingereza ilianza kurusha kipindi kiitwacho GamesMaster. Vijana walipandishwa jukwaani kushindana kucheza gemu za video, mtangazaji Dominik Diamond akiwatania bila huruma, gemu mpya zikipewa alama na kejeli juu yake. Katikati ya vurugu hiyo kilitokea kwenye skrini kichwa kikubwa cha mzee aliyevishwa vyuma usoni, akitoa mbinu za ushindi kwa sauti ya kihakimu. Alikuwa Patrick Moore, bingwa wa nyota na sayari ambaye Waingereza walimzoea tangu 1957 kwa kipindi chake cha anga cha BBC. Hapo ndipo wengi huko walipojifunza kwamba gemu inaweza kuchambuliwa kama kitabu au mechi, na kwamba mchambuzi anayechekesha husikilizwa zaidi. Wajapani nao walianza GameCenter CX mwaka 2003: mchekeshaji Shinya Arino anakaa mbele ya gemu la zamani, anashindwa, anashindwa tena, na nchi nzima inacheka.

Mwaka ule wa 1992 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, tena cha rangi, wakati sehemu kubwa ya Afrika ikitazama nyeupe na nyeusi au haitazami kabisa. Bara, serikali iliihesabu televisheni kuwa anasa ambayo nchi ya wakulima ingeweza kuisubiri, na tukaisubiri hadi 1994 zilipoanza ITV na wenzake wa Dar es Salaam. Kusini tulisubiri zaidi, kama tulivyosubiri barabara na daraja.

Lakini skrini haikusubiri stesheni. Baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za nje zilianza kuonekana tena madukani, na miongoni mwake deki za video na televisheni zisizo na cha kunasa hewani. Mwenye deki, televisheni na jenereta ndogo alikuwa na stesheni yake. Akizungushia makuti na magunia, akipanga mabenchi ya mbao mbichi, akitundika nje ubao wa chaki wenye majina ya filamu za siku hiyo, tayari ana kibanda umiza. Mikanda ilishuka melini kutoka Dar es Salaam, au ilikuja na mabasi yaliyovuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, pale mvua zilipoyaruhusu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Hadi wakati huo filamu ingeweza kuzeeka Kariakoo kabla haijafika Chikongola, Mtwara.

Tatizo lilikuwa lugha. Filamu ni ya Kichina, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na benchi zima linaongea Kiswahili, Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Hapo alihitajika mtu wa kusema.

Kusemea filamu hakukuanzia vibandani. Mwaka 1935 Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walipiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, kuendesha jaribio la sinema kwa ajili ya Waafrika kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu kama 35 fupi, nyingi za kufundisha kilimo, afya, kodi na faida ya kuweka akiba posta. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na zilipokwama alisimama mtu na maiki. Walizunguka na lori nchi kadhaa za mashariki na kati ya Afrika. Mradi ukafa fedha zilipokatika. Kwa maoni yangu, ulichoacha cha maana ni yule mtu wa maiki, kwa kuwa hotuba za kilimo zilisahaulika ila watu walizoea kwamba picha za mgeni huja na msemaji wa nyumbani.

Nusu karne baadaye msemaji huyo alikuja na jina. Derek Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kama Lufufu, alijijengea sifa kwa kutafsiri filamu za nje kwa sauti yake moja, kwanza mbele ya watazamaji, kisha kwenye mikanda ya VHS na baadaye DVD zilizouzwa hadi vijijini. Nyuma yake walikuja wengine, DJ Mark akiwa mmoja wa waliovuma. Matthias Krings, mtaalamu wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, aliandika juu yao mwaka 2012 makala aliyoiita kwa Kiingereza kugeuza wali kuwa pilau. Sina cha kuongeza. Wali ni filamu ilivyotoka kiwandani. Viungo ni vya kwetu.

Tazama kazi yenyewe ilivyofanyika. Msemaji anakaa na maiki kando ya deki, kidole kimoja kwenye kitufe cha sauti. Steringi akifungua mdomo, sauti ya filamu inashushwa na Kiswahili kinaingia. Risasi zikianza, sauti inapandishwa, kwa sababu mlipuko hauhitaji tafsiri. Anasema kama steringi, anasema kama adui, anasema kama mama anayelia, kisha anatoka nje ya filamu na kusema kama yeye mwenyewe: huyu jamaa amevaa fulana kwenye baridi hii, ana akili kweli? Arnold Schwarzenegger kwenye Commando hatoki tu kumtafuta binti yake. Anaweza kuambiwa apitie Feri kwanza akalipe deni la samaki. Pale ambapo mwongozaji alikosea, steringi akafyatua risasi mia kwa bunduki isiyobadilishwa magazini, msemaji alihesabu kwa sauti na kibanda kizima kikahesabu naye.

Huo ndio uhakiki, tena wa papo hapo. Haukuandikwa gazetini, na mhakiki hakuwa na pa kujificha: akichekesha vibaya anazomewa, akipotosha hadithi kuna mwanafunzi wa sekondari benchi la nyuma atakayemsahihisha. Wapo waliokuwa wabovu. Wapo waliotukana wanawake wa filamu nzima kwa kukosa cha kusema, na wapo waliobahatisha tafsiri tangu mwanzo hadi majina ya mwisho. Wala haki za wenye filamu hazikuombwa, hilo lisifichwe. Hata hivyo nasimamia hili: filamu nyingi za mapigano za miaka ile zilikuwa dhaifu kiasi kwamba zilichangamka tu zilipotaniwa.

Majirani walikuwa na wao. Kenya ilimpata DJ Afro, jina lake James Muigai, ambaye Kiswahili chake chenye Sheng kilisikika kwenye vibanda na matatu. Uganda wasemaji hao wanajulikana kama VJ, na VJ Emmie aliwafikia watu wa mbali zaidi aliposemea Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, iliyotengenezwa kwa fedha kiduchu. Watazamaji wa Ulaya na Marekani wanaoishangilia filamu hiyo wengi wanamshangilia VJ Emmie anayeicheka huku inaendelea. Na kabla ya wote hao, Japani ya filamu bubu ilikuwa na benshi, wasemaji waliokaa kando ya skrini na kulipwa vizuri kuliko baadhi ya waigizaji, hadi filamu zilipoanza kuongea zenyewe na kazi ikawaishia. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Alijiua mwaka 1933.

Mtwara kazi haikuisha. Ilihamia kwenye gemu.

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani, kuliko mashine yoyote ya gemu ya nyumbani kabla na baada yake. Nyingi zilikuwa na maisha ya pili Afrika, zikiwa zimechokonolewa ili zisome CD za kunakili. Kwetu zilikuta umeme umeanza kutulia. Gesi ya Mnazi Bay, kwenye rasi ya Msimbati karibu na mlango wa Ruvuma, iligunduliwa 1982 ikalala chini robo karne. Mwaka 2007 mitambo ya gesi ilikuwa inawasha taa za mji wa Mtwara na kupumzisha majenereta ya dizeli. Wengi wanaizungumza gesi ile kwa habari ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, nami sitawanyang'anya hoja hiyo. Ila vijana wa umri fulani wataniambia pia kwamba gesi ndiyo iliyowawezesha kumaliza dakika tisini za gemu la mpira la Winning Eleven bila giza kuingia dakika ya sabini.

Mpangilio wa kibanda cha gemu ulikuwa uleule wa kibanda cha filamu: benchi, skrini ndogo, joto, na sarafu mkononi mwa mwenye mashine. Wachezaji wawili wameshika pedi. Nyuma yao wamesimama kumi, pamoja na mmoja anayesema. Mara nyingi huyo hana hela ya mechi, na ndiyo maana ana muda wa kusema. Sauti ya gemu yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya Jon Kabira, mtangazaji mzaliwa wa Okinawa ambaye jina lake lingepita bila kuulizwa Kampala au Bukoba. Alipiga kelele za furaha ambazo hakuna aliyezielewa pale benchini. Kwa hiyo sauti ikashushwa, na msemaji akachukua kipindi.

Alichambua nini? Kila kitu. Kwanza majina. Konami, watengenezaji wa gemu hilo, hawakuwa na leseni ya timu nyingi za Uingereza, hivyo Liverpool ilikuwa ikiitwa Merseyside Red, na shabiki wa Liverpool aliyelipa sarafu yake alibaki akiitafuta timu yake kwenye orodha huku akiambiwa pole kaka, timu yako imeuzwa. Kisha ufundi. Katika toleo la mwaka 2006 Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti ya 99 kati ya 99, na mpira ulioondoka mguuni mwake ulimkuta kipa akiwa bado anafikiria. Msemaji hakuita huo ushindi. Aliuita wizi wa mchana, na vibanda vingine viliweka sharti kwamba Inter haichaguliwi. Hapo watoto ambao hawajawahi kusoma ukurasa wa uhakiki walikuwa wametambua kasoro ya usawa ndani ya gemu, wakaijadili, wakaitungia kanuni. GamesMaster ilihitaji studio na kichwa cha Patrick Moore kufika hapo.

Nimewahi kumsikia mmoja wa wasemaji hao akichambua GTA: San Andreas, gemu la 2004, kwa dakika nyingi bila kugusa pedi. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mji ule wote mkubwa hauna hata mtu mmoja anayefanya kazi, na kwamba polisi wake wanafika haraka mno kuaminika. Mwenye pedi alimwambia, "Dogo, nyamaza nicheze." Benchi likakataa. Walitaka aendelee.

Januari 2013 Sony ilithibitisha kwamba imeacha kutengeneza PlayStation 2. Mwezi uleule Mtwara na Masasi zilikuwa zinawaka kwa ghasia za bomba la gesi, kwa hiyo sidhani kama habari hiyo ilisikika huku. Vibanda vya gemu havikufa siku moja. Simu ndiyo iliyowachukua wateja polepole. Leo kijana wa Magomeni hapa Mtwara anapakua gemu la mpira kwenye simu, anaivalisha timu yake jezi ya Simba au Yanga iliyochorwa na mwenzake wa mkoa mwingine, na anacheza akiwa amelala. Vibanda vya filamu navyo vilibanwa. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa kiholela, na biashara ya CD za kutafsiriwa haikurudi ilivyokuwa. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013, imeonyesha tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili na waigizaji wengi, kila mhusika na sauti yake. Kazi nzuri, safi, ya kulipwa. Lakini hakuna anayetoka nje ya hadithi kumuuliza Sultani kwa nini anavaa kofia usingizini.

Runinga zetu zina uwezo wa kuchekesha. Mizengwe ya ITV na Ze Comedy walioanzia EATV kabla ya kuhamia TBC walithibitisha kwamba Watanzania wataacha ugali upoe ili waone waziri akiigwa. Mhariri wa vipindi akitaka kipindi cha kuchambua gemu kwa Kiswahili, hana haja ya kununua mfano wa nje. Awape maiki wawili kati ya wale waliosimama nyuma ya benchi, awaache wabishane, na akae mbali na kitufe cha sauti.

Na kwako msomaji wa Mtwara, Lindi, Newala au Kilambo: kama kuna sanduku la mikanda ya VHS ya Lufufu au ya msemaji yeyote wa mtaani chini ya kitanda cha baba yako, usilitupe. Hewa ya unyevu ya pwani huotesha ukungu kwenye mkanda, na mkanda ulioota ukungu ukichezwa hukatika na kuharibu deki. Itoe nje kivulini, ifute vumbi, itafutie mwenye deki inayofanya kazi, na ihamishe kwenye kompyuta mwaka huu.