Omena, Mbuta ama Papa? Rada Kamili ya Samaki Unayemanga na Ile Sumu Watu Huogopa

Jioni ukishuka mat, kabla ufike keja, lazima upite kwa mathe wa samaki. Karai linachemka, ngege zimepangwa kwa gazeti, na omena za mbao ziko tu hapo kando. Lakini siku hizi kuna wasee wamehepa hiyo meza. Mtu anatumiwa audio kwa WhatsApp ati samaki wote wa soko wako na sumu, anaamua kurudi kwa smokie na chipo. Mbaya zaidi, kuna dem ako na ball ameambiwa na mabeshte asiguse samaki mpaka ajifungue. Hebu tupange hii stori vizuri, juu kuna ukweli ndani na kuna uwongo mob.

Mbona samaki ni dishi ya maana?

Gramu 100 za nyama ya ngege mbichi ziko na protini karibu gramu 20, na mafuta kama gramu 2 pekee. Halafu kuna omena. Zikishakauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Na juu unazimanga nzima, na kichwa na mifupa, unapata kalsiamu, madini ya chuma, zinki na vitamini A ambazo kipande cha nyama pekee hakiwezi kukupea kwa kiwango hicho.

Kuna pia omega-3, mafuta yanayojenga ubongo na macho ya mtoi akiwa bado tumboni, na yanayosaidia moyo wa mtu mzima. Mwili wako hutengeneza kidogo sana ya hayo mafuta, so inabidi uyatoe kwa sahani.

Usidharau mgongo wazi. Minofu ya mbuta hupelekwa majuu, mifupa inabaki Kisumu na kukaangwa mitaani kama Obunga. Nyama iliyobaki kwa hiyo mifupa ni ya samaki yule yule wa hoteli.

Zebaki huingiaje kwa samaki?

Zebaki hutoka kwa moshi wa makaa ya mawe, viwanda na migodi ya dhahabu. Hata hapa kwetu, wachimbaji wadogo wa Migori huitumia kushika dhahabu, na mito ya huko humwaga maji Ziwa Victoria. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa aina kali inayoshika kwa nyama ya samaki. Dagaa anakula vijidudu, samaki wa kati anakula dagaa mia, mkubwa anakula hao wote. Kila hatua sumu inajumlishwa.

Dunia ilijua hii noma kutoka Minamata, Japani. Mwaka 1956 ndio ugonjwa uligunduliwa rasmi, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini kwa miaka. Watu walioishi kwa samaki na chaza wa ile ghuba walianza kutetemeka, kushindwa kuona vizuri na kushindwa kutembea, na watoto wakazaliwa na ubongo umeharibika.

So hesabu ni rahisi: samaki mdogo anayeishi miaka michache, zebaki kidogo. Samaki mkubwa mwindaji anayeishi miaka mingi, zebaki mob. Omena, ngege, sardini, kamba na ngisi wako upande poa. Papa, nduaro na jodari wakubwa wako upande wa kuchungwa. Mbuta naye hufuata sheria hiyo hiyo, yaani mkubwa hubeba zaidi kuliko mdogo.

Na usidanganywe ati kukaanga au kukausha papa kunatoa zebaki. Iko ndani ya nyama yenyewe, haitoki na moto wala chumvi. Dawa za wadudu na sumu zingine za viwandani ndizo hukaa kwa mafuta, so ukitoa ngozi na mafuta unapunguza.

Dem ako na ball amange ama asimange?

Amange. Ushauri wa Marekani kwa wajawazito na wanaonyonyesha ni gramu 227 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo, yaani mara mbili au tatu. Papa, nduaro na jodari macho makubwa wawekwe kando, na kitu chochote kibichi pia. Kuacha samaki kabisa nako kuko na bei yake, juu mtoi anakosa omega-3 wakati ubongo unajengwa.

Chaza, kaa na bunju

Chaza ako na zinki kushinda karibu dishi yoyote unayoijua, lakini anakula kwa kuchuja maji. Kama maji yako na choo, yeye ako na choo. Hapo ndipo kipindupindu na homa ya ini aina A huingilia, so achemshwe fiti. Kaa ni poa, ila ile nyama ya kahawia chini ya gamba hukusanya kadimiamu, usiifanye ya kila siku. Bunju, yule samaki anayejifura kama mpira, achana naye kabisa. Sumu yake huua na haimalizwi na moto.

Adui wa karibu ni jua

Kwa wengi wetu, shida ya leo jioni ni barafu kuliko zebaki. Jodari au nguru akikaa juani, bakteria hutengeneza histamini. Ukimla, uso unawaka, kichwa kinagonga na ngozi inawasha ndani ya dakika au masaa machache. Kumpika tena hakusaidii.

Ukifika sokoni, cheki hivi:

- Macho yawe yamejaa na yanang'aa, si meupe yameingia ndani.
- Mashavu yawe mekundu, si ya kahawia.
- Bonyeza nyama: irudi, isibaki na shimo.
- Harufu iwe ya maji, si ya kukata pua.
- Omena ziwe kavu kabisa, bila ukungu. Chambua, kisha osha na maji moto mpaka mchanga uishe.
- Kwa friji, digrii 4 au chini.

Mwenye huumia ni nani?

Mwaka 1999 Muungano wa Ulaya ulifungia samaki wa Ziwa Victoria baada ya ripoti za watu kuvua kwa dawa za wadudu. Wachache walimwaga sumu, lakini walioachwa bila kazi ni wavuvi na wafanyakazi wa viwanda ambao hawakumwaga kitu.

Audio moja ya uwongo hufanya hivyo hivyo kwa mathe wa mtaa. Kwa hivyo usihepe meza yake. Muulize samaki ametoka wapi na amefika lini, cheki macho na mashavu, chagua wadogo mara mob na wakubwa mara moja moja. Halafu itisha na ugali na sukuma.